Kioo Kisichosikia Sugu

Kompyuta zilikuwa mbili, na zote mbili zilijua kupinduka. Hilo ndilo lililomfurahisha Bosi kuliko kitu kingine chochote, maana asubuhi ile ya Jumatatu alizipindua na kuzipindua tena juu ya meza ya ramani, ndani ya kontena walilolifanya ofisi, mpaka chai yake ikapoa. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, na kifuniko chake kilizunguka hadi nyuma kikakutana mgongo kwa mgongo na vitufe, ikawa kama sahani ya kukumbatia kwa mkono mmoja. Ya pili ilikuwa nene, nyeusi, na kioo chake kilisimama juu ya shingo moja ya chuma. Ukikizungusha na kukilaza, nayo iligeuka sahani, ila sahani ya kulia watu watatu.

"Moja atakaa nayo Karani, nyingine Milimita," Bosi alisema. "Jumatano jioni mnabadilishana. Jumamosi kwenye kikao mnaniambia ipi inatufaa, naagiza sita, kila msimamizi na yake. Mambo ya kuletewa ripoti zilizoandikwa nyuma ya mfuko wa saruji nimeyachoka."

Milimita aliitikia kwa kichwa. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, si na mama yake. Alikuwa ametandika vigae miaka kumi na tisa, na alikuwa na tabia ya kupitisha ncha za vidole juu ya sakafu iliyokwisha, macho yanatazama pengine kabisa, kisha anasema, "Hiki kimepanda milimita moja." Waliombishia walileta pima maji, wakajiaibisha wenyewe. Baada ya muda wakaacha kubisha, wakabaki kumtania.

Wiki mbili zilizopita Bosi alimpandisha cheo. Sasa alikuwa msimamizi wa vigae na umaliziaji wa hosteli nzima, ghorofa nne, na mwezi wa kwanza ulikuwa wa majaribio. Kiti alichopewa hakukijali, hata hakukikalia. Alichokipenda ni saini. Chumba hakikufungwa bila saini yake, na akiandika kivunjwe, kinavunjwa. Kwa miaka kumi na tisa sakafu zake zilisainiwa na watu wengine, baadhi yao hata kigae na kisahani wasingevitofautisha. Saini ile aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote kazini, na hakuona haya kuitaka.

"Jambo moja," Bosi aliongeza, akiwa ameshafika mlangoni. "Asiyeiweza mashine, Karani atamwandikia. Lakini anayeandika ndiye anayesaini. Sitaki mstari mmoja uwe na watu wawili."

Akatoka. Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbusha taa izimwe.

Karani alikuwa mpwa wa Bosi, msichana mwepesi wa kazi na mwepesi wa kucheka, na ubaya hakuwa nao pia. Aliipindua ile nyembamba, akaifungulia ramani ya ghorofa ya pili, akamsogezea. "Iko hivi, dada. Unagusa chumba, kinageuka chekundu kama ni cha kuvunja, ukigusa tena kinakuwa kijani. Mimi asubuhi nachapa orodha, nabandika mlangoni, mafundi wanasoma. Basi. Iguse tu."

Milimita akaigusa. Haikufanya kitu.

Akaigusa tena, safari hii kwa nguvu, kama anayekalisha kigae kwenye gundi. Ramani ilimtazama tu. Akajaribu kidole cha kati, halafu gumba. Karani akanyoosha mkono wake, akagusa pale pale kwa ncha ya kidole chenye rangi ya kucha iliyoanza kumenyeka, na chumba kikawaka chekundu papo hapo.

"Labda ilikuwa inafikiria," Karani alisema.

"Labda," Milimita alijibu, akaurudisha mkono wake mfukoni. Alijiona kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake. Kufika saa nne alikuwa ameshajaribu vidole vyote kumi, kimoja kimoja, amejificha nyuma ya mlango wa choo cha ghorofa ya pili, na kioo hakikusikia hata kimoja.

Nyumbani alimweleza mumewe, na mumewe peke yake. Alikuwa kinyozi, na kwa kuwa siku nzima mikono yake ilishinda kwenye mafuta na poda za watu, ilikuwa laini kuliko ya mkewe. Jambo hilo lilikuwa mzaha wao wa tangu uchumba. Alikuwa mezani, anakula, kompyuta iko mbele yake, na bila kuacha kutafuna akaigusa kwa kidole cha mwisho. Ikafunguka.

"Inanipenda," alisema.

"Usinichokoze. Leo siko sawa."

Akamtazama, akaona kweli hayuko sawa, akasukuma sahani pembeni. Alimshika mkono akaugeuzageuza chini ya taa jinsi anavyokagua kichwa cha mteja. Ncha za vidole zilikuwa zimeota sugu, ngumu na kavu, zimepasuka mistari midogo ambayo saruji nyeupe ilikuwa imeingia na kukataa kutoka. "Kuna mteja wangu anatengeneza simu," alisema. "Yule aliniambia vioo hivi vinasikia unyevu wa ngozi. Hapa kwako hamna unyevu, mke wangu. Hapa kuna gome tu."

"Sasa nifanyeje?"

"Mwambie Karani."

"Nimwambie nini? Kwamba mashine imenikataa? Kesho yake atakuwa anaandika yeye na kusaini yeye. Miaka yote hii, halafu niangushwe na kidole?"

Kinyozi akikwama hutafuta cha kunoa. Alileta beseni la maji ya moto, jiwe la kusugulia visigino na mafuta ya mgando. Wakakaa pale jioni nzima, yeye anasugua, mkewe anauma meno, vumbi jeupe linaanguka majini. Kufikia mwisho vidole vilikuwa vyekundu na vyenye kung'aa. Wakaijaribu mashine. Mara ya tatu, ikasikia. Walicheka wote wawili, na Milimita akalala akiwa mtu mwenye furaha.

Furaha hiyo ilidumu mpaka saa mbili asubuhi. Msimamizi wa aina yake hawezi kupita mahali gundi ya vigae inapochanganywa bila kuchota kidogo na kuisikia kati ya vidole. Akachota. Gundi ile ina saruji, na saruji ikikutana na ngozi iliyochunwa haina simile. Alitoa machozi palepale, akasingizia vumbi. Mbaya zaidi ikaja alipoinama kukagua sakafu. Alipitisha vidole kama kawaida yake, na kila kiungo kikauma, kilichopanda na kilicho sawa. Hakuweza kutofautisha. Akapitisha tena na tena, kijasho kinamtoka, na mwisho akalazimika kumwomba fundi mmoja pima maji. Fundi yule alimpa, lakini alimtazama sana.

Hebu fikiria. Alikuwa amekisugua kidole ili kimridhishe kioo, na kidole kikaacha kazi iliyomfanya apewe hicho kioo. Yeye mwenyewe alilifikiria hilo, akiwa amechuchumaa katikati ya chumba, na akajiita mpumbavu kwa sauti ndogo.

Kioo nacho hakikushukuru. Ilipofika adhuhuri vidole vilikuwa vimekauka tena, na mashine ikaacha kusikia. Alijaribu kulamba kidole, ikaruka kurasa tatu kwa mpigo. Alijaribu kifundo cha kidole, ikasikia mara moja kati ya nne. Mwishowe aligundua kitu ambacho hakukitegemea. Pua inafanya kazi. Ncha ya pua ina unyevu wake, haijawahi kushika mwiko wa saruji, na kioo kiliipokea kama kidole cha Karani mwenyewe. Basi Jumanne ile msimamizi wa umaliziaji wa hosteli ya ghorofa nne alijaza ripoti yake amejifungia bafuni, akiidonoa kompyuta kwa pua.

Ila pua, ikishafika kwenye kioo, inaziba njia ya macho.

Jumatano asubuhi alisikia patasi kabla hajamaliza ngazi. Alijua sauti ile, na alijua haitoki kwenye chumba kilichostahili. Chumba cha kumi na sita ndicho kilichokuwa na kasoro, safu nzima karibu na dirisha imelalia upande. Patasi ilikuwa inalia chumba cha kumi na nne. Alikimbia. Nusu ya sakafu ilikuwa imeshageuka vipande, sakafu aliyoisifia jana yake mbele ya watu, safi, viungo vimenyooka. Vibarua wawili walisimama na orodha mkononi. Fundi aliyeitandika alikuwa mlangoni, amekunja mikono.

"Imeandikwa kumi na nne," kibarua mmoja alisema, akamwonyesha karatasi.

"Nimekosea," Milimita alisema.

"Umekosea wewe, au hilo dude lako?" fundi akamuuliza. "Maana jana ulisema hapa mtu angeweza kula bila sahani."

"Nimekosea mimi."

Fundi aliokota kipande kimoja, akakitazama, akakirudisha chini taratibu. Hakumtukana. Angemtukana, Milimita angepata nafuu.

Bosi alifika baada ya nusu saa. Alisimama juu ya vipande, akasikiliza maelezo ambayo hayakuwa maelezo, maana Milimita alirudia tu kwamba amekosea kugusa. Bosi akashusha pumzi. "Kosa moja nalimeza," alisema. "La pili litanikwama. Kama hiki kitu kinakupa shida, sema sasa, Karani akushikie. Hakuna aibu."

"Hakinipi shida."

Aliisema haraka mno. Haya zilikuwa zimemshika mpaka masikioni.

Jioni ile walibadilishana. Karani alimkabidhi ile nene kwa mikono miwili, akiwa amekunja uso. "Pole, dada. Ni mzigo. Inapiga kelele kama feni, na chaji inaisha saa tisa. Mimi kwa maoni yangu haina hata haja ya kujadiliwa."

Milimita aliibeba mpaka kwenye ngazi za nyuma, akaketi, akaizungusha shingo, akaikunja. Akagusa kioo. Kimya, kama alivyotegemea. Akaigeuza kutafuta mahali pa kuizima, aende nyumbani akalie vizuri, na ubavuni akaona kitu kama kizibo cha mpira. Akakikwangua kwa ukucha. Kikatoka, na nyuma yake kikatoka kijiti cheusi, kinene kiasi cha penseli ya seremala, kina ncha.

Karani hakuwahi kukitaja. Karani hakuwa na sababu ya kukitafuta.

Milimita aliishika kalamu ile kama anavyoshika penseli siku zote, chini kabisa karibu na ncha, akagusa chumba cha kumi na sita. Kikawaka chekundu. Akagusa tena, kikawa kijani. Akaandika jina lake ubavuni mwa ramani, mwandiko wake mwenyewe, ile herufi ya kwanza yenye mkia mrefu, na mashine ikalipokea jina bila kuuliza chochote. Aliandika mara saba. Ukimuuliza leo atakwambia ilikuwa mara moja tu, kujaribu.

Alhamisi na Ijumaa alifanya kazi kama mtu aliyetolewa kitanzi shingoni. Vidole aliviacha vipone, sugu zikaanza kurudi, na Ijumaa mchana alipitisha mkono kwenye sakafu ya ghorofa ya tatu na kusema, "Hiki," na kilikuwa hicho kweli. Mashine ilikuwa nzito, sawa. Ilipiga kelele, sawa. Saa tisa ilipozimika aliipeleka kwenye kontena kuichaji na kunywa chai. Ripoti zake zilikuwa safi, chumba kwa chumba, zina michoro midogo pembeni ya mahali tatizo lilipo.

Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja, na kadiri ilivyosogea ndivyo alivyozidi kukosa raha. Angewaambia nini? Aseme nene ni bora kwa sababu gani? Mumewe alimwambia, "Sema ukweli, wakucheke, yaishe." Yeye akasema atatafuta sababu nyingine. Usiku wa Ijumaa aliziandika sababu nne kwenye karatasi. Ya nne ilikuwa kwamba rangi nyeusi haionyeshi uchafu.

Kikao kilikaliwa ndani ya kontena, saa nne asubuhi. Wasimamizi walikuwa sita pamoja na yeye. Kulikuwa na yule mzee wa plasta waliyemwita Babu Plasta, aliyekula chumvi nyingi kuliko Bosi mwenyewe, halafu seremala, fundi chuma, fundi bomba na fundi rangi, ambaye alicheka kila kitu kabla hakijasemwa. Mashine zote mbili zilikuwa mezani.

Karani alianza, na alizungumza vizuri. Alikuwa amepima kila kitu. Nyembamba ina nusu ya uzito, chaji yake inafika jioni, inawaka kabla hujamaliza kukaa, kioo chake kinaonekana hata juani, na bei zinalingana. Hakutia chumvi mahali popote. Milimita alimsikiliza na kukubali kila neno, na huo ndio uliokuwa msiba wenyewe.

"Milimita," Bosi aliita. "Wewe?"

"Ile nyeusi ni imara," Milimita alisema. "Hapa vitu vinadondoka."

"Nyembamba inauzwa na kava lake la mpira," Karani alijibu kwa upole. "Niliuliza."

"Shingo yake ni ya chuma."

"Hiyo shingo ndiyo inayofanya iwe nzito, dada."

Milimita akaitazama karatasi yake. Imebaki ile ya rangi nyeusi. Akaikunja.

Bosi akavuta fomu ya agizo. "Basi mjadala umekwisha. Nyembamba sita. Kuna mwenye neno?"

"Mimi hata ukiniletea ya dhahabu," Babu Plasta alisema, akitabasamu, "Karani ataniandikia tu. Na asaini yeye. Macho yangu si ya vioo hivi."

Fundi rangi akacheka. Milimita hakucheka. Macho ya Babu Plasta aliyajua. Yaliona ufa wa unywele kwenye ukuta kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha akaona kwamba mikono ya mzee iko chini ya meza, yote miwili, na akakumbuka kwamba Jumanne alipoingia kontena ghafla alimkuta yuko peke yake, ameinama juu ya ile nene ya Karani, anafuta kioo kwa mkono wa shati. Alimsalimia tu na kupita. Sasa akaelewa. Mzee wa miaka arobaini kazini alikuwa anaitoa saini yake bure, mbele ya watu, kwa kicheko, kuliko kusema kwamba kioo kimemkataa.

Na mimi nilikuwa naenda kumwacha, Milimita akawaza. Hasira zikampanda, nyingi zikiwa za kujikasirikia mwenyewe, na hizo ndizo zilizomsimamisha.

"Bosi, usiandike kwanza. Hiyo nyembamba mimi sikuiweza. Haisikii vidole vyangu."

Bosi akainua kalamu kutoka kwenye fomu.

"Haisikii vipi?" Bosi aliuliza.

"Haisikii. Nagusa, inanitazama. Nimevisugua kwa jiwe mpaka nikakosa kujua sakafu ipi imelala na ipi imepanda. Chumba cha kumi na nne mlikivunja kwa sababu nilikuwa nabonyeza kwa pua."

Fundi rangi aliangua kicheko cha kuvunja mbavu. "Kwa pua?"

"Kwa pua. Hii hii." Akaivuta ile nyembamba, akaipindua ikawa sahani, akaisukuma mbele yake. "Cheka, una haki. Lakini iguse kwanza."

Fundi rangi akaigusa, bado anacheka. Akaigusa tena. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kama bomba linalofungwa. Miaka ya kunawa kwa mafuta ya kuyeyushia rangi ilikuwa imevikausha vidole vyake. Akaisogeza kwa seremala. Seremala akajaribu cha shahada, akajaribu gumba, akatikisa kichwa, akaipitisha. Fundi chuma, mwenye vidole vilivyoungua mara nyingi hata hana hesabu, aliipata mara moja kwa gumba, ikafunguka na kujifunga. Kwa fundi bomba ikafunguka moja kwa moja.

"Huyu anashinda majini," seremala alisema. "Mtoeni kwenye hesabu." Hapo wakacheka wote, hata Milimita, na kwa muda kidogo mambo yakawa mepesi.

Ikafika kwa Babu Plasta. Aliitoa mikono yake chini ya meza na kuiweka juu, akaanza kidole cha kwanza, akaenda cha pili, cha tatu, bila haraka, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli. Alimaliza mkono mmoja akahamia mwingine. Hakuna aliyemharakisha. Kidole cha kumi kilipokataa, alikirudisha kwake na kukitazama.

"Mimi nilidhani ni uzee," alisema.

Karani alikuwa amesimama ukutani na karatasi zake, uso umemshuka. "Dada, mbona hukuniambia? Siku zote tatu?"

"Niliona haya, mdogo wangu. Wewe uligusa mara moja tu."

"Leteni hapa," Bosi alisema. Hakupenda kikao kigeuke hivi, na alikuwa mtu wa kutaka kuona kwa macho yake. "Nyie mnaibonyeza kama mnaikaba shingo. Hakuna mashine ya kumkataa fundi. Na mimi msinione hivi, mikono yangu mnaijua. Nimeshika mwiko tangu sijaota ndevu."

Kila mtu mle ndani alijua ni kweli. Milimita alijua kuliko wote, maana Bosi ndiye aliyemfundisha kazi. Mwaka wake wa kwanza, Bosi alikuwa akimshika kifundo cha mkono na kuviburuza vidole vyake juu ya kiungo cha vigae, huku na huku, akimwambia, "Sikia. Usitazame, sikia." Mkono uliomshika siku zile ulikwaruza.

Bosi akanyoosha kidole. Kioo kikafunguka kabla hata hajakigandamiza. Ramani ikaja, vyumba vikajipanga. Akagusa kimoja, kikawa chekundu. Akagusa kingine, nacho vilevile. Akatelezesha, ghorofa ya pili ikampisha ya tatu, laini kabisa, kama ilivyokuwa ikimfanyia Karani.

Fundi rangi hakucheka. Bosi aliinua kidole akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakisugua na gumba polepole, akitafuta kitu ambacho hakikuwepo tena. Ilikuwa miaka tisa tangu aweke mwiko chini, na hakuna siku hata moja, kati ya hizo zote, ambayo mtu alimwambia kwamba ugumu wa mwiko umekwisha kumtoka mikononi. Yeye mwenyewe hakuwa ameuona ukiondoka.

Milimita alikuwa amekuja kwenye kikao na aibu yake, na sasa aliiona imehama, imekwenda kukaa upande wa pili wa meza. Alidhani ingemfurahisha. Haikumfurahisha hata chembe. Alimwonea huruma yule mwanaume kama ambavyo angemwonea huruma kaka yake.

"Fundi," alimwita. Hakuwa amemwita hivyo tangu siku kibao chenye jina la kampuni kilipopigwa misumari getini. "Tuagizie zile nene."

Bosi akaichukua kalamu. Aliivuta fomu, akakata alichokuwa ameandika, akaandika upya, sita, nyeusi, na kalamu za akiba. Akamsukumia Milimita karatasi asaini kwamba amependekeza yeye. Kisha akaiingiza mikono yake mfukoni, na kikao chote kilichobaki hakuitoa.